Sandton: Umeme unaporudi ndipo kompyuta huungua

Sandton, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, ndiko lilikohamia Soko la Hisa la Afrika Kusini mwaka 2000, ndiko treni ya mwendo kasi ya Gautrain ilikoanzia safari zake za kwenda uwanja wa ndege mwezi Juni 2010, na ndiko viongozi wa nchi za BRICS walikokutana mwezi Agosti 2023. Mgeni anayeyaona majengo yake ya vioo kwa mara ya kwanza hawezi kudhani kuwa wakazi wa hapo nao wamezoea kulala na tochi karibu na kitanda. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na wengi bado hawajaiondoa tochi hiyo.

Wapenzi wasomaji, makala yetu ya leo inahusu kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijali hadi siku kinapoungua. Ni pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta, ambako waya wa ukutani huchomekwa. Kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 ambao ndio unaotumiwa na vifaa vyote vilivyomo ndani. Kikifa chenyewe peke yake, hasara ni ndogo. Tatizo ni kwamba kikiwa duni hufa pamoja na jirani zake.

Tulikaribishwa Sandton na familia moja ya Kitanzania. Mama wa nyumba hiyo ni mhasibu. Mchana yuko ofisini, na jioni hushika mahesabu ya wafanyabiashara wadogo wa Kitanzania na wa Kikongo wenye maduka katikati ya jiji. Mahesabu hayo yamo katika seva ndogo iliyowekwa kwenye kabati chini ya ngazi. Ghorofani, mwanawe mwenye umri wa miaka 17 ana kompyuta ya gemu aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa fedha alizozipata kwa kufanya kazi katika likizo mbili.

Alasiri moja ya mwezi Januari mvua ya radi ilinyesha, kama ilivyo kawaida ya Johannesburg katika majira ya joto. Umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika chache, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa mara ya pili. Hapo ndipo kijana aliposikia mlio kama wa fataki na kunusa harufu ya plastiki iliyoungua. Chini ya ngazi hali ilikuwa ya kimya zaidi, lakini mbaya zaidi. Seva iliwaka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea, ila diski moja kati ya mbili haikusomeka tena, na katika ile iliyobaki, mafaili yaliyokuwa yakiandikwa wakati ule yalikuwa yamevurugika. Zilibaki siku tisa kabla ya tarehe ya kuwasilisha kodi za wateja wake. Humo ndani pia zilikuwamo picha za mazishi ya mama yake mzazi huko Tanga, na hazikuwa na nakala mahali pengine popote.

Aliyeitwa kusaidia ni fundi kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayefanya kazi zake katika mtaa wa Yeoville. Tulikuwapo alipofika. Aliifungua kompyuta ya kijana, akakitoa kile kisanduku, akakipima uzito mkononi na kutikisa kichwa.

"Mama, pole sana," alisema. "Hii ni nyepesi mno. Wameandika wati 750 kwa nje, lakini ndani hamna kitu."

"Fundi, niambie tu ukweli," mama akajibu. "Safari hii ninunue kubwa kiasi gani?"

"Tusianze na ukubwa, mama. Nani katika nyumba hii anatakiwa kubaki akifanya kazi wakati wa giza, na nani anaweza kuzimika akasubiri?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha hesabu zote za mama huyo, ambaye alikuwa ametenga randi 10,000 na kukusudia kumnunulia mwanawe pawa saplai ya wati 1,200, kisha kinachobaki kitumike kwa seva. Ili kulielewa swali la fundi, inafaa kwanza tujue nini hasa hutokea umeme unapokatika na kurudi.

Watu wengi hudhani kuwa hatari iko pale umeme unapokatika. Kwa mashine yenyewe, mara nyingi hatari kubwa iko pale unaporudi. Katika dakika ya kwanza, majokofu na mitambo ya kuchemshia maji ya kuoga ya mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja, na volti hushuka na kupanda kwa ghafla kabla ya kutulia. Wakati huo huo, kapasita zilizomo ndani ya pawa saplai ziko tupu na hunywa umeme kwa pupa. Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri ina kizuizi cha kupunguza pupa hiyo, na pia ina ulinzi unaoizima yenyewe volti zinapozidi kiwango. Ile ya bei ya chini, mara nyingi hivyo ndivyo vilivyopunguzwa ili bei ishuke.

Johannesburg ina matatizo mengine mawili ya ziada. La kwanza ni radi, kwani uwanda huo wa juu, ulioko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupigwa na radi nyingi kati ya Oktoba na Machi. La pili ni wizi wa nyaya za shaba. Mwizi akikata waya wa nyutro katika njia ya umeme ya nyaya tatu za moto, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia 400 badala ya 230. Hakuna pawa saplai ya nyumbani inayostahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Ndiyo maana fundi wetu alitaka kwanza mafundi umeme waliosajiliwa waweke kinga ya radi kwenye boksi kuu la umeme la nyumba na kukagua waya wa ardhini. Jambo hilo halimfurahishi mtu yeyote aliyekuja dukani kutafuta kisanduku chenye taa za rangi, lakini ndiko fedha za kwanza zilikokwenda. Aidha, katika miaka ya karibuni baadhi ya makampuni ya bima nchini humo yameanza kudai kinga hiyo kabla ya kulipa fidia ya vifaa vilivyoungua.

Historia nayo ina nafasi yake hapa. Mgao wa umeme nchini Afrika Kusini ulianza mwishoni mwa mwaka 2007, na mwezi Januari 2008 migodi mikubwa ililazimika kusimamisha kazi kwa siku kadhaa. Shirika la Eskom liliupanga mgao huo kwa ngazi, kila ngazi ikimaanisha kupunguza megawati 1,000 kutoka katika gridi. Ngazi ya sita ilifikiwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2019. Mwaka 2022 kulikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 200, na mwaka 2023, uliokuwa mbaya kuliko yote, zaidi ya siku 300. Kisha mwishoni mwa Machi 2024 mgao ulisimama, ukapita muda wa miezi kumi bila kuonekana, hadi uliporudi kwa siku chache mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi uliofuata ukapanda tena hadi ngazi ya sita kwa muda mfupi. Sehemu kubwa ya Sandton hupata umeme moja kwa moja kutoka Eskom, huku mitaa mingine ya Johannesburg ikihudumiwa na City Power ya manispaa, kwa hiyo ilikuwa jambo la kawaida mtu kuwa gizani huku akiona taa za jirani ng'ambo ya barabara.

Turudi kwa kijana wetu. Kompyuta yake ina kadi ya picha ya Nvidia RTX 4070, ambayo hutumia wati 200, na prosesa ambayo hata ikikimbizwa haizidi wati 160 hivi. Ukijumlisha diski, feni na mengineyo unafika wati 410 au karibu na hapo. Nvidia yenyewe inapendekeza pawa saplai ya wati 650 kwa kadi hiyo. Ya nini basi wati 1,200? Kijana alijibu kwa uaminifu kwamba marafiki zake wanazo.

Hapa lazima tuondoe dhana moja potofu. Pawa saplai ya wati 1,000 haivuti wati 1,000 muda wote, bali huvuta kile tu ambacho kompyuta inahitaji, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Kwa hiyo kubwa haili umeme mwingi kwa sababu tu ya ukubwa wake, lakini pia haimfai kitu mtu asiyeihitaji. Afadhali fedha hizo ziende kwenye ubora. Kinachotakiwa kusomwa ni ile karatasi iliyobandikwa ubavuni, hasa safu ya volti 12, kwa sababu kadi ya picha na prosesa hula kutoka hapo. Ikiwa imeandikwa amp 54, basi zidisha kwa 12 na utapata wati 648, na hapo unajua kuwa wati 650 walizoziandika kwa maandishi makubwa ni za kweli. Katika kile kisanduku kilichoungua, safu hiyo ilikuwa na amp 30 tu, yaani wati 360, wakati nje wameandika 750.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, nayo husaidia. Kwa kipimo cha volti 115 kinachotumiwa na wengi kulinganisha, daraja la Bronze lazima lifikishe asilimia 85 ya ufanisi mzigo unapokuwa nusu, na daraja la Gold asilimia 90. Lakini alama hiyo hupima upotevu wa umeme tu. Haisemi lolote kuhusu jinsi kifaa kitakavyoistahimili radi, na wapo wanaoibandika bila kuipata. Sisi tungeangalia pia miaka ya dhamana. Kampuni inayotoa miaka saba au kumi inajua ilichokiweka ndani, na ile inayotoa mwaka mmoja nayo inajua.

Kwa wenye kadi kubwa zaidi hesabu ni nyingine. RTX 4090 ya mwaka 2022 hutumia wati 450, na RTX 5090 iliyotoka Januari 2025 hufikia 575, ambapo Nvidia hupendekeza wati 1,000. Kadi za namna hii huruka ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ndiyo sababu kanuni mpya ya ATX 3.0 ya mwaka 2022 inaitaka pawa saplai ivumilie mruko wa hadi mara mbili ya kiwango chake. Plagi mpya ya kadi hizo iliwahi kuyeyuka katika kompyuta za baadhi ya wateja mwaka huo huo, na Nvidia ikaeleza kuwa tatizo la kawaida lilikuwa plagi isiyosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 plagi hiyo ilirekebishwa.

Kijana alipoletewa pawa saplai mpya ya wati 650, ya daraja la Gold, alitaka kuziacha nyaya za zamani mahali pake kwa vile alikuwa ameshazifunga na kuzipanga vizuri. Fundi alimzuia kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwake kabla.

"Toa zote, mwanangu. Hata moja isibaki."

"Lakini mjomba, plagi ni zile zile!"

"Upande wa diski ni zile zile. Upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga njia yake. Penye volti 5 utapeleka 12, na diski zako zote zitakufa siku moja."

Onyo hilo ni zito kuliko yote tuliyoyasikia siku ile, na wauzaji wengi hawalitaji.

Upande wa seva mambo ni tofauti kabisa. Kompyuta ya gemu hufanya kazi saa tatu kwa siku na kuvuta sana. Seva huvuta kidogo, lakini hailali. Seva ya mama huyu hutumia wati 60, ambazo kwa mwaka ni uniti 525 hivi. Tukichukua randi 3 kwa uniti kwa hesabu rahisi, hizo ni kama randi 1,575. Alikuwa ameshawishiwa kununua seva iliyotumika kutoka ofisini, yenye pawa saplai mbili, kwa bei ya kutupa. Mashine kama hiyo huweza kuvuta wati 250 hata isipokuwa na kazi kubwa, yaani uniti 2,190 kwa mwaka na randi 6,570, mbali na kelele za feni zake ndogo zinazolia kama nyuki. Bei ya umeme wa Eskom ilipandishwa kwa asilimia 18.65 mwaka 2023, kisha asilimia 12.74 mwaka 2024 na asilimia 12.74 tena mwaka 2025, kwa hiyo bei ya kutupa ingelipwa polepole kila mwezi.

Hatusemi kuwa pawa saplai mbili hazina maana. Katika vituo vikubwa vya seva kila moja huunganishwa na njia yake ya umeme, moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini tumeona nyumbani kwa watu, na hata katika ofisi, zote mbili zimechomekwa kwenye waya mmoja wa soketi nyingi, na waya huo umechomekwa ukutani! Afadhali moja iende kwenye UPS na nyingine ukutani, vinginevyo umenunua mbili ili ziungue pamoja.

UPS ndiyo aliyoihitaji mama. Hapa napo kuna mtego wa maandishi, kwa sababu UPS ya VA 1,000 mara nyingi hutoa wati 600 tu. Mtego mwingine ni umbo la umeme wake. Zile za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi-ngazi badala ya mawimbi laini kama ya ukutani, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hukataa mawimbi hayo na kuzima pale pale betri inaposhika zamu. Pawa saplai nzuri huweza kushikilia takriban milisekunde 16 bila umeme, na UPS nyingi hubadilisha katika milisekunde 4 hadi 10. Nafasi iliyopo kati ya namba hizo ni ndogo, lakini inatosha.

Betri ndogo ya volti 12 na amp-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Seva ya wati 60 pamoja na kisanduku cha intaneti cha wati 15 vitapata kama nusu saa kwa uhakika. Kompyuta ya gemu ya wati 400 ingeimaliza kwa dakika chache tu. Betri hizi za risasi zilitengenezwa kwa ajili ya kukatika mara moja moja, na mgao wa mara mbili au tatu kwa siku wa mwaka 2023 ulizichosha upesi. Wenye uwezo wakahamia kwenye inveta na betri za lithiamu za takriban uniti 5, ambazo kijana anaweza kuzicheza gemu kwa saa nne na kula karibu theluthi. Mama aliliangalia wazo hilo, akaiangalia bei, akasema kijana atasubiri.

Wasomaji walioko nyumbani wasidhani haya ni ya Sandton peke yake. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa stima kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Tanzania ilipitia mgao mkali kabla bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, halijaanza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari 2024. Na kwa mnaotuma kompyuta kutoka ng'ambo, Marekani wanatumia volti 120. Pawa saplai iliyoandikwa volti 100 hadi 240 haina shida, badilisha waya tu, maana hata plagi ya Afrika Kusini yenye pini tatu nene za mviringo haiingii kwenye soketi za Dar es Salaam wala Nairobi. Lakini za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma. Sisi wenyewe tuliwahi kuisahau kwenye 115 miaka mingi iliyopita, na hatukupata nafasi ya kuisahau tena.

Mahesabu ya wateja wa mama yule yaliandikwa upya kutoka kwenye risiti za karatasi, usiku kwa usiku, na yalifika kabla ya tarehe. Picha za Tanga zilipatikana kama nusu. Sasa nakala ya kila kitu iko kwenye diski anayoihifadhi ofisini kwake, na UPS ina waya wa USB unaoiambia seva ijizime kwa utaratibu betri inapofika chini.

Jioni ya mwisho ya ziara yetu radi ilianza tena wakati wa chakula. Taa zilizimika. Ghorofani tulisikia kilio cha mtu aliyekuwa karibu kushinda. Mama hakuinuka. Aligeuka tu kutazama chini ya ngazi, ambako taa ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka, kisha akatazama saa yake na kuanza kuhesabu dakika.